Daraja la Kati katika Safari Ndefu za Ndege: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaokata tiketi za kwenda nchi za mbali hukuta mara kwa mara bei tatu au nne kwa safari moja. Baina ya daraja la kawaida na daraja la biashara lipo daraja jengine, ambalo mashirika mengi huliita "Premium Economy", na ambalo katika maelezo haya litaitwa daraja la kati. Wapo wanaolidhania kuwa ni daraja la biashara kwa bei nafuu. Wapo pia wanaoliona kuwa ni jina tupu lililobuniwa ili abiria atoe fedha zaidi. Dhana zote mbili si sahihi, na kila moja inaweza kumtia hasarani mwenye kuishika, ziwe fedha hizo ni zake mwenyewe, za ofisi yake, au za jamaa waliomchangia mgonjwa wao nauli ya kwenda kutibiwa nje.

Madhumuni ya maelezo haya ni kufafanua daraja hilo ni kitu gani, linatoa nini na halitoi nini, pamoja na mambo ya kuhakikisha kabla ya kulipa. Maelezo haya hayabadilishi kanuni yoyote ya safari za kikazi. Kila mtumishi ataendelea kufuata daraja analostahiki kwa mujibu wa taratibu za ofisi yake.

ASILI YA DARAJA HILI

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, ndege nyingi za safari ndefu zilikuwa na madaraja matatu: la kwanza, la biashara na la kawaida. Katika daraja la kawaida walikaa bega kwa bega abiria waliolipa nauli zisizofanana. Mmoja alilipa nauli kamili, yenye ruhusa ya kubadilisha tarehe ya safari. Mwengine alinunua tiketi ya punguzo mapema, yenye masharti mengi. Hata hivyo viti vyao vilikuwa sawa na chakula chao kilikuwa kimoja, hivyo aliyelipa nauli kamili hakuona sababu ya kuendelea kuilipa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la EVA Air la Taiwan lilitenga sehemu ya abiria wa namna hiyo, na mwaka 1992 Virgin Atlantic ya Uingereza nayo ikafanya hivyo. British Airways ilifuata mwaka 2000, Qantas mwaka 2008, Air France mwaka 2009, Lufthansa mwaka 2014 na Singapore Airlines mwaka 2015. Emirates ilianza kuviweka viti hivyo katika ndege zake mwishoni mwa mwaka 2020, na KLM ikaanza mwaka 2022. Kwa asili yake, basi, daraja la kati ni tawi la daraja la kawaida. Halikukatwa kutoka katika daraja la biashara, na asilinganishwe nalo yule anayetarajia kulala.

KINACHOUZWA NI NAFASI

Jambo la kwanza analonunua abiria ni nafasi. Mashirika hupima nafasi hiyo kwa masafa kutoka sehemu moja ya kiti hadi sehemu ile ile ya kiti kilicho mbele yake. Katika daraja la kawaida la ndege za safari ndefu, masafa hayo aghlabu ni inchi 31 hadi 32, yaani takriban sentimita 79 hadi 81. Katika daraja la kati huwa inchi 38 hadi 40, yaani takriban sentimita 97 hadi 102. Inafaa ieleweke kwamba kipimo hiki kinajumuisha unene wa kiti chenyewe. Si nafasi tupu ya magoti.

Jambo la pili ni upana. Katika ndege ya Boeing 777, mashirika mengi hupanga viti 10 kwa kila safu ya daraja la kawaida, yaani 3, 4 na 3. Katika daraja la kati safu hiyo huwa na viti 8, yaani 2, 4 na 2. Ndiyo sababu mke na mume, au mgonjwa na msaidizi wake, huweza kukaa wawili peke yao upande wa dirisha bila ya kumruka mtu wa tatu.

Kutokana na vipimo hivyo msomaji anaweza kupata kipimo cha bei. Ikiwa safu ya viti 10 imekuwa ya viti 8, na masafa ya inchi 31 yamekuwa inchi 38, basi kiti kimoja cha daraja la kati huchukua eneo la sakafu la takriban mara moja na nusu ya kiti cha kawaida. Serikali ya Uingereza nayo, katika kukadiria hewa chafu inayotokana na safari ndefu za ndege, humhesabia abiria wa daraja la kati takriban mara 1.6 ya yule wa kawaida, kwa sababu hiyo hiyo ya nafasi. Kwa hivyo nauli iliyozidi kwa nusu inaeleweka kwa hesabu ya sakafu. Nauli iliyofika maradufu au kupindukia inauza vitu vyengine, na mnunuzi ana haki ya kuuliza ni vitu gani.

Aghlabu vitu hivyo ni mzigo wa ziada, kupanda ndege mapema, kiti kinacholala nyuma zaidi, pahala pa kuegemeza miguu, chakula kilichoandaliwa vizuri zaidi, na masharti mepesi ya kubadilisha tiketi. Vitu hivi hutofautiana baina ya shirika na shirika, na hata baina ya tiketi mbili za shirika moja.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulitambua wakiwa wameshakaa. Katika daraja hili meza ya chakula mara nyingi hufichwa ndani ya mkono wa kiti, na kwa hivyo mkono huo haunyanyuki. Mama anayetegemea kumlaza mtoto kwenye viti viwili vilivyo wazi hataweza kufanya hivyo, ilhali katika daraja la kawaida, kiti cha jirani kikiwa wazi, jambo hilo huwezekana.

YASIYOBADILIKA

Kiti cha daraja la kati hakigeuki kuwa kitanda. Kadhalika, hewa ni ile ile kwa abiria wote. Ndani ya ndege iliyo angani, msukumo wa hewa hufanana na ule wa mlimani, kwenye kimo cha takriban mita 1,800 hadi 2,400, na unyevunyevu huwa mdogo, aghlabu chini ya asilimia 20. Ukavu wa koo na macho na kichwa kizito baada ya safari ndefu havitokani na daraja, wala havitibiwi na daraja. Mgonjwa wa moyo, wa mapafu au aliyetoka kupasuliwa karibuni anahitaji ushauri wa daktari kabla ya kusafiri, hata kama amekatiwa tiketi ya daraja la kwanza.

Suala la damu kuganda katika mishipa ya miguu linahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa baadhi ya watu hushauriwa kununua daraja la juu kwa khofu ya maradhi hayo. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ambao matokeo ya awamu yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 2007, ulionesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi. Hata baada ya kuongezeka, hatari hiyo ilikadiriwa kuwa takriban mtu 1 katika kila watu 6,000. Muhimu zaidi, ilionekana kwamba chanzo ni kukaa muda mrefu bila ya kujongea, na kwamba wasafiri wa basi, gari na treni nao wamo. Hatari huzidi kwa walio wanene, kwa warefu sana au wafupi sana, kwa wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi, na kwa wenye kurithi tatizo la damu kuganda.

Kwa maana hiyo, abiria wa daraja la kawaida anayesimama na kutembea, na kukunja na kukunjua vifundo vya miguu akiwa kitini, amejikinga vizuri kuliko wa daraja la kati aliyelala usingizi mzito saa 8 bila ya kujigeuza. Nafasi kubwa hurahisisha kujongea, lakini haijongei kwa niaba ya mtu.

HESABU KWA KILA KIPANDE CHA SAFARI

Kosa linalogharimu zaidi ni kuihesabu safari nzima kama kitu kimoja. Wakaazi wa visiwani, wanapokwenda mbali, aghlabu huunganisha ndege. Mathalan, British Airways, yenye daraja la kati, huruka baina ya Nairobi na London kwa takriban saa 9. Msafiri wa Unguja atakayeitumia atafika kwanza Nairobi kwa ndege ndogo ya masafa mafupi, ambayo haina daraja hilo. Aidha, yapo mashirika makubwa yasiyokuwa na daraja la kati kabisa, na yapo yanayoliweka katika baadhi tu ya ndege zao.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme tofauti ya nauli ni dola 720 kwa kwenda na kurudi, na kipande chenye daraja la kati ni cha saa 9 kila upande. Msafiri ananunua saa 18 za nafasi, yaani dola 40 kwa kila saa. Tuseme sasa tofauti ni ile ile, lakini kipande chenye daraja hilo ni cha saa 7 tu. Saa zinakuwa 14, na bei ya kila saa inapindukia dola 51. Hesabu hii fupi humwezesha mtu kulinganisha njia mbili kwa haki. Inafaa pia kuzingatia iwapo kipande hicho ni cha usiku au cha mchana, maana saa ya usiku kabla ya siku ya kazi ina thamani kubwa zaidi.

Kodi nayo isisahauliwe. Uingereza hutoza kodi kwa abiria anayeanzia safari huko, na hutoza kiwango kikubwa zaidi kwa yeyote asiyekuwa katika daraja la chini kabisa la ndege. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025, anayetoka huko kwa safari ya masafa ya kuja Afrika Mashariki alitozwa pauni 90 katika daraja la kawaida na pauni 216 katika daraja la kati, sawasawa na wa daraja la biashara. Tofauti hiyo ya pauni 126 haimwongezei abiria hata sentimita moja ya nafasi. Zaidi ya hayo, mtoto wa chini ya miaka 16 husamehewa kodi hiyo katika daraja la chini tu. Akikaa daraja la kati hulipiwa.

ABIRIA ANAPOSHUSHWA DARAJA

Hutokea ndege ikabadilishwa, na abiria aliyelipia daraja la kati akakalishwa daraja la kawaida. Kwa safari zinazoanzia katika nchi za Umoja wa Ulaya, na zile zinazokwenda huko kwa mashirika ya Umoja huo, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inalitaka shirika kurejesha sehemu ya nauli ndani ya siku 7. Kwa safari za kimataifa za zaidi ya kilomita 3,500, sehemu hiyo ni asilimia 75 ya nauli ya kipande kilichoathirika. Uingereza imeibakisha kanuni ya namna hiyo katika sheria zake. Anayetaka haki hii ahifadhi tiketi na pasi ya kupandia ndege. Kama tiketi ilinunuliwa na ofisi, fedha zinazorejeshwa ni za ofisi.

MAMBO YA KUHAKIKISHA

Kabla ya kulipa, abiria au ofisa anayeshughulikia safari aulize na kupata majibu kwa maandishi:

(a) Ni vipande vipi vya safari vyenye daraja la kati, na kila kimoja ni cha saa ngapi?

(b) Je, hiki ni kiti cha daraja la kati, au ni kiti cha kawaida kilichoongezwa nafasi ya magoti tu? Viti vya aina hii ya pili vina upana ule ule wa kawaida, na majina yao hufanana na yale ya daraja la kati. Herufi ya daraja iliyoandikwa kwenye tiketi peke yake haitoshi, kwani mashirika hayazitumii herufi kwa namna moja.

(c) Mzigo unaoruhusiwa ni kilo ngapi katika kila kipande, hasa kwenye ndege ndogo?

(d) Masharti ya kubadilisha tarehe na kurejeshewa fedha ni yapi?

(e) Kodi ni kiasi gani, na nauli yenyewe ni kiasi gani?

Kwa mrefu wa umbo, kwa mzee mwenye maumivu ya magoti, au kwa mtumishi anayeshuka asubuhi na kuingia mkutanoni moja kwa moja, daraja la kati linaweza kuwa na thamani ya bei yake. Kwa kijana anayekwenda masomoni na atakayepumzika siku mbili baada ya kufika, fedha hizo zinaweza kuwa kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Kwa familia inayomsafirisha mgonjwa, zinaweza kuwa gharama ya vipimo. Uamuzi ni wa mwenye safari na wa mwenye fedha, maadamu majibu ya maswali hayo yameandikwa na kuwekwa katika jalada la safari. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.