Ua la Usiku Mmoja

Ladha ya ubuyu inajulikana na kila mtoto wa pwani, lakini ni wachache waliokwisha kuliona ua la mbuyu likifunguka. Sababu mojawapo ni kwamba mti huu husemekana kuwa makao ya mashetani, na watu hupita mbali nao giza liingiapo. Sababu nyingine ni ya maumbile: ua hilo hufunguka wakati wa magharibi, nalo hudumu usiku mmoja tu.

Matembezi ya jioni ya kuchunguza viumbe yafaa yaanze saa 11, mwanga ungalipo. Kwanza utazamwe mkwaju. Vijani vyake hukunjana viwili viwili, kwa kuwa seli za vifundo vilivyo kwenye vikonyo hubadili kiasi cha maji yaliyomo. Giza peke yake silo liletalo jambo hili. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alieleza kwamba mmea unaodhaniwa kuwa kifauwongo, ulipowekwa gizani, uliendelea kufunua na kukunja majani yake kwa nyakati zake za kawaida. Mmea, basi, una saa yake ndani.

Kisha msafara uelekee kwenye mbuyu. Msimu wa maua pwani aghalabu ni kuelekea mvua za vuli. Ua ni kubwa, jeupe, na huning'inia kwenye kikonyo kirefu mbali na matawi. Harufu yake ni nzito, wala haivutii pua ya binadamu. Sifa hizi zinamfaa popo alaye matunda. Yeye huongozwa na macho na pua, huhitaji nafasi ya kurukia, na anapolamba nekta kifua chake hujaa chavua kutoka kwenye mamia ya stameni.

Hapa ndipo penye jambo zito. Chavua ya mbuyu uleule kwa kawaida haizalishi tunda. Lazima itoke kwenye mbuyu mwingine. Mbuyu uliobakizwa peke yake shambani wamtegemea mgeni awezaye kuruka masafa marefu usiku. Anayewafukuza popo kwa moto kwa sababu wanakula maembe yake huenda anapunguza na mabuyu ya jirani.

Hata hivyo popo si mgeni wa pekee. Kusini mwa Afrika nondo wameonekana kuyatembelea maua haya kwa wingi, na wanafunzi waweza kuhesabu wenyewe nani hufika kwenye mti wa kijijini kwao. Wakae kimya, tochi ikiwa imefunikwa karatasi nyekundu, wala wasimguse popo yeyote, kwani aweza kuwa na maradhi. Kesho yake petali hugeuka rangi ya kahawia na kuanguka. Ziokotwe na kukaguliwa: mikwaruzo ya kucha ni dalili kwamba popo alifika.