Mgeni wa Chuo Kisiwani, Gari Utaliacha Wapi?

Agosti na Septemba ndiyo miezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuripoti vyuoni, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, hakikosi kupata sehemu yake ya msongamano. Barabara ya Tom Mboya kule Tudor hujaa magari yenye masanduku nyuma na magodoro juu ya paa. Wazazi wameshapiga hesabu ya karo, ya chumba na ya mafuta. Ya maegesho huja kukumbukwa langoni, askari anapotikisa kichwa.

Sisi tunaopanga usafiri huanzia mbali zaidi. Kabla ya kuuliza gari litakaa wapi, tunauliza litaingilia wapi. Kisiwa cha Mombasa kina takriban kilomita 14 za mraba, na gari lina milango mitatu tu ya kuingilia: Makupa, Daraja la Nyali na feri ya Likoni. Atokaye Nairobi au Voi hupita Changamwe na kuingia kwa Makupa, akigombania njia na malori ya bandari. Daraja jipya la hapo, lililofunguliwa 2022, limeyapa maji ya bahari nafasi ya kupita pale palipokuwa pamezibwa na tuta. Malori yako pale pale. Atokaye Malindi, Kilifi au Mtwapa huvuka Nyali, kwenye daraja la 1980 lililochukua nafasi ya lile la kuelea la 1931. Huyu ana nafuu, kwani akishuka darajani yuko Buxton, na Tudor si mbali.

Wa Kwale ndiye wa kufikiri sana. Feri ni bure kwa mtembea kwa miguu. Gari hulipiwa, na asubuhi ya siku ya kazi foleni yake haitabiriki. Barabara ya Dongo Kundu humtoa Diani hadi Miritini bila kuigusa feri, ila akitaka kisiwani itambidi azunguke aingie kwa Makupa pamoja na wa Nairobi. Kwa maoni yangu, familia ya Diani yenye begi moja iliache gari Likoni penye mlinzi, ivuke kwa miguu, kisha ipande matatu au tuktuk ng'ambo ya pili.

Lakini nani anakuja na begi moja? Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ukiyatazama magari ya siku ya kuripoti utaona kuwa mengi yameletwa na mzigo: sanduku, ndoo, godoro, na shangazi wawili waliokuja kumsindikiza kijana. Mzigo hauhitaji maegesho. Unahitaji mahali pa kushushia, na haya ni mambo mawili tofauti ambayo vyuo vingi huyachanganya. Chukua nafasi moja ya gari karibu na lango. Mzazi akiegesha hapo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, nafasi hiyo imehudumia familia moja. Ikitengwa kwa kushusha mizigo tu, dakika 15 kila gari, kwa muda huo huo itahudumia familia 16. Hakuna lami iliyoongezwa wala ukuta uliobomolewa.

Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, alikusanya tafiti za miji mbalimbali na kukuta kwamba, katika maeneo yaliyochunguzwa, wastani wa asilimia 30 ya magari barabarani yalikuwa yakizunguka kutafuta pa kuegesha. Hakuipima Tudor. Hata hivyo, aliyewahi kuzunguka kutoka langoni hadi Buxton na kurudi akitafuta upenyo hatamshangaa.

Tusikilaumu chuo cha TUM kwa kila kitu. Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, na kupokea wanafunzi wake wa kwanza 1951. Kikawa taasisi ya kiufundi 1966, politekniki 1972, na chuo kikuu kamili 2013. Matao na makuba yake yalichorwa zama ambazo mzazi mwenye gari alikuwa wa kuhesabika. Wanafunzi wameongezeka mara nyingi, kisiwa hakijaongezeka hata shubiri.

Godoro, kwa hivyo, linunuliwe Mombasa. Maduka yapo tele, na mkokoteni utalifikisha hadi mlangoni. Ukishalitoa godoro kwenye safari, familia ya bara inaweza kabisa kuja kwa basi, au kwa treni ya Madaraka hadi Miritini. Miritini iko bara, zaidi ya kilomita 10 kutoka katikati ya mji, kwa hiyo nauli ya kuingia kisiwani iwekwe kando mapema. Wa treni ya usiku hufika bado giza. Wasubiri kituoni mpaka kupambazuke.

Saa nazo zina uzito wake. Ijumaa, kuanzia saa sita mchana, njia za jirani na misikiti hujaa waumini na magari yao, na mgeni asipange kuhama mahali wakati huo. Mwezi wa Ramadhani, mji hukimbilia majumbani kabla ya Magharibi; ondoka mapema au ubaki ufuturu huku huku.

Wengi wakimaliza usajili hutaka kuwaonyesha watoto Mji wa Kale. Vizuri, lakini gari lisiingie. Vichochoro vile vilipimwa kwa mabega ya hamali na mkokoteni wake, na dereva mgeni akikutana na pikapu ya maji mbele yake, mmoja atarudi kinyumenyume huku mtaa mzima ukimwelekeza. Egesha upande wa Ngome ya Yesu au Treasury Square, lipa ada ya kaunti kwa simu, usimpe mtu noti mkononi, kisha ingia Ndia Kuu kwa miguu. Gari lililoachwa bila kulipiwa hufungwa gurudumu, na kulifungua ni ghali kuliko ada yenyewe.

Kwa wakuu wa vyuo vya kisiwani nina ombi moja. Barua ya kujiunga iwe na ukurasa mmoja wa ramani: lango la kushushia mizigo, dakika zinazoruhusiwa, mahali pa kuliacha gari baadaye, na saa ya kuripoti iliyogawanywa kwa vitivo ili wote wasifike saa mbili. Karatasi moja ni rahisi kuliko kujenga maegesho ambayo ardhi yake haipo.