Swichi za Ghalani: Niliyojifunza Engaresero



Katika mkutano wetu wa mwisho liliulizwa swali hili: je, Chama kinunue sensa za kuwasha na kuzima taa kwa kila chumba cha ofisi na cha ghala, ili tupunguze umeme tunaoulipia? Wengi walinyanyua mikono kukubali, na mimi nilikuwa mmoja wao. Halmashauri ikatutaka tulifikiri jambo hili hadi mkutano ujao. Basi nimelifikiri, na rai yangu imebadilika. Nataka niwaeleze kwa nini, na ilikuwaje rai hiyo ikabadilikia mbali na mikarafuu yetu, huko Engaresero katika wilaya ya Ngorongoro, mahali ambapo hapaoti hata mkarafuu mmoja.

Lakini kwanza yanipasa nikiri kosa langu mwenyewe. Msimu uliopita, usiku wa Jumamosi, nilikuwa na watu kumi na tatu katika ghala langu wakichambua karafuu. Mbingu zilikuwa safi, kwa hiyo tulikuwa tumeziacha sakafuni nje karafuu za siku mbili, tukinuia kuzianua tukishamaliza kuchambua. Kiasi cha saa sita za usiku taa zikazimika zote kwa pamoja. Mita ilikuwa imekwisha uniti, na fedha ya kununulia nyingine haikuwamo katika simu ya mtu yeyote aliyekuwapo pale. Kabla hatujajua la kufanya, mvua ikaanza. Tulizianua karafuu kwa mwanga wa simu na kandili moja, huku tukikanyagana, na nyingi zikalowa. Kila mwanachama ajua karafuu iliyolowa ikirudishwa juani huwaje: hainawiri, hukunjamana na kufifia rangi, na daraja lake hushuka kwenye mizani. Hasara ile sikuipata kwa sababu ya ughali wa umeme. Niliipata kwa sababu uniti zangu zilikuwa zimekwenda mahali pasipo na mtu.

Asubuhi yake nilikaa nikahesabu. Ghala lina taa nane ndefu za zamani, kila moja wati 36, na ukitia na kile chuma chake cha kuwashia hupita wati 40. Nane ni zaidi ya wati 320, na kwa saa kumi za usiku ni zaidi ya uniti 3. Zote nane zilifungwa kwenye swichi moja karibu na mlango. Watu kumi na tatu walikaa kona moja chini ya taa mbili, na taa sita zilikuwa zikiyaangazia magunia. Tena taa ya nje, juu ya mlango wa nyuma, nilikuta inawaka saa tatu ya asubuhi, na jirani akaniambia kuwa huiona ikiwaka hivyo mchana kutwa.

Ndipo nami nikawa mtu wa kwanza kutaka sensa.

Baada ya msimu nilisafiri kumwona mwana wa ndugu yangu, ambaye ni fundi wa umeme wa jua katika kambi moja ya wageni huko Engaresero. Ni safari ndefu kwa mtu wa visiwani. Ukishafika Arusha huenda Mto wa Mbu, na kutoka hapo njia ya vumbi hupita Selela na Engaruka hadi kijijini, kusini mwa Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Mlima huo ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Ziwa lenyewe ndilo mazalio makubwa ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki nzima, na karibu na kijiji zipo nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizokanyagwa katika jivu la mlima ambalo baadaye liligeuka kuwa jiwe. Nilizitazama nyayo hizo kwa muda mrefu. Lakini nililokuja kuwaelezeni ni taa.

Kambi ile haina waya wa umeme kutoka nje. Wanacho wanachokipata kutoka kwa jua, nacho huwekwa katika betri. Kijana wangu alinionyesha betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, akanieleza hesabu ambayo yafaa kila mwanachama aijue. Betri hiyo hushika kiasi cha wati-saa 1,200, lakini betri za risasi zikinyonywa zaidi ya nusu mara kwa mara hufa upesi, kwa hiyo iliyo yako ni 600 tu. Kwa 600 hizo waweza kuwasha globu moja ya kizamani ya wati 60 kwa saa kumi, au globu kumi za LED za wati 6 kwa saa hizohizo. Ukiacha taa moja ikiwaka bure huko, hungoji bili ya mwisho wa mwezi ikuadhibu. Jiko litakuwa na giza saa kumi za alfajiri, wakati mpishi anataka kuchemsha chai.

Nilitaraji kuona sensa kila mahali. Nikakuta tatu tu kambi nzima.

"Ami," aliniambia, "nilipokuja hapa nilifunga sensa kumi na moja. Nane nimezifungua."

Moja ya hizo nane ilikuwa katika stoo ya mabati. Sensa ya kawaida haimwoni mtu kama jicho limwonavyo. Huhisi joto la mwili likipita mbele ya kitu chenye joto jingine. Ziwa Natron ni mahali pa joto kali, na stoo ya mabati ikishapigwa na jua mchana kutwa, ukuta wake huwa na joto sawa na la mwili wa mwanadamu, hata kulishinda. Basi mtu akiingia alasiri sensa haimtambui, naye husimama gizani akipunga mikono kama anayefukuza nyuki. Nikalikumbuka ghala letu wakati wa Januari, nalo ni la mabati pia.

Ya pili ilikuwa katika chumba cha hesabu. Karani alikaa akihesabu fedha, bila kusogea ila vidole, na kila baada ya dakika tano taa ikamzimikia. Aliiongezea muda ikawa dakika ishirini, na hapo ikawa haiokoi kitu, kwa maana mtu akiingia kuchukua kalamu tu, taa huwaka dakika ishirini. Nikamwuliza: je, mtu anayechambua karafuu? Akacheka. Mikono yenda mbio, alisema, lakini mwili umetulia jamvini, na ikiwa sensa iko juu darini na mbali, itawazimia wote kumi na tatu.

Na zile zilizobaki aliziondoa kwa hesabu tupu. Sensa nyingi zenyewe hula umeme, nusu wati hadi wati moja, mchana na usiku, hata kama taa haijawaka. Wati moja kwa saa 24 ni wati-saa 24. Globu ya LED ya wati 9 ikisahauliwa saa mbili nzima ni wati-saa 18. Yaani katika chumba kidogo chenye globu moja, mlinzi uliyemwajiri hula zaidi ya mwizi anavyoiba. Zamani, wakati wa globu za wati 60 na 100, hesabu hiyo ilikuwa kinyume, na ndiyo maana wenye kuuza vitu hivi bado husema vyaokoa sana. Vyaokoa pale ambapo taa ni nyingi au kubwa na watu hupita tu bila kukaa.

Basi sensa tatu zilizobaki ziko wapi? Mbili ziko vyooni na moja kwenye ukumbi wa kupitia nyuma ya jiko. Mahali pote pengine alifanya kazi ambayo haina fahari yoyote: alizigawa swichi. Chumba cha kulia kilichokuwa na swichi moja sasa kina tatu, na mstari wa taa ulio karibu na uwazi wa nje una swichi yake peke yake, kwa sababu huko mwanga wa jua hutosha hadi magharibi. Katika mahema ya wageni swichi iko mkononi mwa aliyelala, kando ya kitanda, kwa maana mtu aliyekwisha jifunika hainuki kwenda mlangoni kuzima taa. Hilo nalijua kwa nafsi yangu.

Na kabla ya kukata waya hata mmoja, alikaa na daftari siku tatu, akiandika nani yuko chumba gani saa ngapi, na taa gani inawaka. Alinionyesha daftari lile. Jina la mpishi, la mfua nguo, la mlinzi, saa waliyoingia, saa waliyotoka. Ni kazi ya kuchosha, na haina gharama ila ya kalamu.

Kuhusu mlinzi nina jambo la kando. Ni mzee wa Kimasai, naye ndiye aliyewazuia kufunga taa kali ya nje. Alisema taa kali humpofusha yeye, na nyuma ya kila kinachoangazwa hufanya kivuli kizito ambamo mtu aweza kukaa na asionekane. Wakampa taa ndogo za chini, za rangi ya manjano ambayo wadudu hawaipendi sana, na kurunzi mkononi. Nafikiri walinzi wetu nao waulizwe kabla hatujawachagulia taa.

Sasa turudi kwetu. Sisi wa Pemba hadi mwaka 2010 tulikuwa tukipata umeme wa mashine za dizeli, na tangu mwaka huo twaupata kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga. Ndugu zetu wa Unguja, ambao wana waya wao kutoka bara, walikaa gizani karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na kiasi cha miezi mitatu tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hapana kisiwa kinachoweza kujisahaulisha mambo hayo. Lakini kwa kuwa siku nyingi umeme upo, sisi hatuna betri ya kutuonya. Tuna mita tu, nayo hunyamaza mpaka dakika ya mwisho.

Rai yangu kwa Halmashauri ni kwamba fedha za sensa zipewe kwanza fundi wa waya. Taa za ghala zigawanywe, angalau swichi nne: ya upande wa mizani, ya kona ya kuchambulia, ya magunia, na ya ujia. Taa ndefu za zamani zibadilishwe ziwe za LED za wati 18, maana hakuna swichi itakayookoa kama taa yenyewe ni mlafi. Sensa zinunuliwe mbili tu, za vyoo vya ofisi, tena ikiwezekana ziwe za namna ile ambayo mtu huwasha kwa mkono na yenyewe huzima, kwa sababu mchana mwingi mtu haitaji taa na ile ya kujiwasha haijui hilo.

Taa za nje ndizo zenye mjadala. Wengine wataka swichi ya jicho, ile inayoona giza na mwanga. Ni nzuri, ila isielekezwe kwenye taa inayoiongoza, ama sivyo taa ikiwaka jicho litadhani kumekucha, liizime, lione giza, liiwashe tena, usiku kucha. Nimeiona moja ikifanya hivyo mjini, na mwenye nyumba alidhani ni majini. Mimi napendelea taima ya kawaida. Katika nchi za Ulaya taima ya jioni yataka kurekebishwa mara kwa mara, maana huko jua la kiangazi na la baridi hupishana saa nyingi. Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta, na jua letu la mwezi wa Februari na la mwezi wa Novemba hupishana nusu saa hivi kuzama. Ukiitegesha kwenye saa kumi na mbili na nusu za magharibi, na kuzima saa kumi na mbili kasorobo za alfajiri, imekutosha mwaka mzima. Umeme ukikatika, taima nyingi za gurudumu husimama na kuchelewa, kwa hiyo itafutwe yenye betri yake ndogo ndani.

Kabla ya yote hayo, naomba daftari lifunguliwe ofisini na ghalani, siku tatu tu, Jumatatu hadi Jumatano, katika wiki ya kazi nyingi. Najua karani atalalamika.

Kwangu mimi nimekwisha anza. Taa sita za upande wa magunia nimezitenga na mbili za kona, kazi ya nusu siku na waya wa mita chache. Usiku wa kuchambua huwasha mbili. Ile ya mlango wa nyuma nimeitia taima. Mke wangu, ambaye sasa ndiye mshika uniti, ameibandika karatasi kando ya mita na huandika namba kila Ijumaa baada ya sala. Na chini ya namba ya kwanza ameandika kwa wino mwekundu tarehe ya ule usiku wa mvua.