Nani Humlisha?

Safu ya kwanza ni jina la mwenye kaya. Ya pili, jina la mbwa. Ya tatu, rangi na alama. Ya nne, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Safu ya tano ndiyo iliyonifanya niombe kiti nikae: "Nani humlisha?"

Daftari hilo la kaunta ni la bwana mifugo mstaafu anayeishi Kahama. Ameniomba nisimtaje jina, kwa sababu kazi hii haifanyi peke yake na hataki wenzake waone amejitwalia sifa. Mimi nilimfuata kwa habari za chanjo ya ng'ombe. Habari hizo zitasubiri makala nyingine, maana tangu siku ile safu ya tano haijanitoka kichwani.

Hulifungua daftari pale mvua inapoangusha nyumba za watu. Msomaji wa ukanda huu hahitaji kuelezwa maana yake. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga Mwakata, wilayani Kahama. Kuta za udongo zikalowa, zikawaangukia watu wakiwa wamelala. Taarifa za siku za mwanzo zilitaja vifo 42, na idadi ikapanda baadaye. Watoto walikuwamo. Rais Jakaya Kikwete alifika kuwapa pole wafiwa. Tangu hapo nchi imelia tena na tena: tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 3, 2023. Na kila mara sisi waandishi tunaandika kwa mpangilio uleule: waliofariki, majeruhi, nyumba, ekari za mazao, ng'ombe, mbuzi, kuku.

Mzee huyu hana ugomvi na mpangilio huo. Binadamu kwanza, anasema, na hata ng'ombe atangulie, kwa kuwa ng'ombe ni ada ya mtoto na ni mahari. Anachotaka kieleweke ni kwamba mbwa naye yupo. Yuko palepale nyumba ilipoanguka, na atakayekwenda siku ya tatu atamkuta.

Kwa nini hakuondoka na wenyewe? Nilidhani jibu ni hofu. Kwa mujibu wa bwana mifugo, hofu humwondoa mbwa usiku wa mvua tu. Mawe yakianza kupiga bati hukimbia, pengine mbali, akapotelea kwenye mbuga za udongo mweusi ambako mtu mzima huzama hadi magotini. Alfajiri hurudi. Anakuta watu hawapo: majeruhi wamekimbizwa hospitali, waliobaki wamehamia kwa ndugu au kwenye hifadhi ya muda. Lakini zizi lipo, hata kama boma lake limelala chini. Jembe lipo chini ya kifusi, sufuria zipo, bati zilizopinda zipo, na harufu ya watu wake imejaa kila mahali. Mbwa wa Usukumani hafungwi mnyororo. Amekuzwa akijua kwamba kazi yake ni kulala mlangoni mwa zizi na kumbwekea fisi, na kwamba mgeni asiyesindikizwa na mtu wa nyumbani haingii. Kwa hiyo anafanya kazi yake. Analinda mji ambao haupo tena, na kila anayemkaribia kumsaidia, kwake ni mwizi.

Ndipo ufundi unapoanza. Nitaueleza kwa urefu, kwa kuwa sijawahi kuuona umeandikwa popote.

Bwana mifugo haendi mchana. Huenda alfajiri au jua linapotua, saa ambazo mbwa amezoea kupewa makombo. Hufika akitokea upande ule upepo unakotoka, ili harufu yake itangulie na mbwa asishtukizwe. Akifika hatua chache kutoka kwenye kifusi huketi chini, ubavu ukimwelekea mbwa, macho yakiangalia ardhi. Kumkazia macho mbwa mwenye woga ni kumtangazia vita. Haiti, hapigi mluzi. Humega ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa, akarusha tonge karibu na mbwa, la pili karibu zaidi na yeye mwenyewe, na hapo husubiri. Siku nyingine hukaa mpaka giza linaingia na mbwa hajasogea. Anainuka taratibu, anaacha maji kwenye kigae, anaondoka. Kesho yake anarudi saa ileile.

Mbwa akikubali, hapewi chakula kingi. Aliyekaa siku nyingi na njaa akishibishwa ghafla huweza kufa, hivyo huanza na uji mwepesi, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kamba ni ya katani, yenye kitanzi kisichokaza, maana kitanzi cha kukaza humnyonga mbwa mwenye hofu ndani ya dakika chache. Kwa kinywa hutumia kipande kirefu cha kitambaa: hukizungusha juu ya pua, akakivusha chini ya kidevu, akakifunga nyuma ya masikio. Hakiachi muda mrefu, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na jua la Shinyanga halina huruma. Kisha hukagua nyayo moja baada ya nyingine. Bati zilizochanika na misumari hukata vidole, na kidonda kikifunikwa na tope hakionekani mpaka kioze.

Hayo yote, anasema, ni njia ya mtu mgeni, njia ndefu. Ipo njia fupi, na ndiyo iliyozaa safu ya tano.

Mwanzoni alikuwa akimchukua baba mwenye nyumba aende kumwita mbwa wake. Baba anaita, mbwa anatikisa mkia, anabaki alipo. Baba anaita kwa ukali, mbwa anarudi nyuma ya kifusi. Ilimchukua muda bwana mifugo kung'amua kwamba kwenye kaya nyingi mwenye mbwa na anayemlisha mbwa ni watu wawili tofauti. Baba ndiye humtaja kuwa wake. Anayekwangua ukoko wa sufuria na kuumwaga chini ya mti ni binti wa miaka minane, au kijana mchunga ng'ombe, au bibi. Mlete huyo. Mara nyingi, anasema, hahitaji hata kuita. Mbwa huja kwa kusikia nyayo zake. Kwa hiyo siku hizi hamuulizi baba habari za mbwa. Anawauliza watoto, na majibu yao ndiyo yanayojaza safu ile, kwa kalamu nyekundu.

Nilimuuliza: na kama aliyemlisha hayupo tena?

Alinyamaza kwanza. Halafu akaeleza kwamba hapo huomba nguo ya marehemu, kanga au shati ambalo halijafuliwa, akalitandika pale anapoweka chakula. Mbwa hulalia. Ukishamwona amelalia, kesho yake unaweza kumsogelea. Lakini si kila mama anayeweza kuitoa nguo hiyo, na yeye haombi mara mbili. Sijui ningefanya nini ningekuwa mama huyo. Sijui pia kama ni haki kuomba hata mara moja.

Ipo sababu nyingine ya kuifanya kazi hii, na ndiyo anayowaeleza viongozi wa vijiji wanaomwona anapoteza muda. Mbwa aliyeachwa akikosa chakula huungana na wengine, na kundi hilo likikutana na mnyama mwenye kichaa, ugonjwa unarudi vijijini kwa miguu minne. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Makadirio ya kimataifa ni vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote kutokana na kuumwa na mbwa, na Afrika na Asia ndizo zenye mzigo. Kinga inajulikana: chanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo na ugonjwa unakosa njia. Basi kila mbwa anayekamatwa hupigwa sindano chini ya ngozi ya shingo kabla ya kufunguliwa kitambaa. Chanjo hubebwa kwenye kasha la barafu, na kupata barafu mahali ambapo nguzo za umeme zimelala ni kazi nyingine kabisa. Anayeumwa na mbwa, anasisitiza, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo bila kusubiri mbwa achunguzwe.

Paka nilikaribia kuwasahau, kama wanavyosahauliwa na wote. Paka hushikamana na mahali kuliko na mtu, na nyumba iliyoanguka ina kitu kingine cha kumzuia: mahindi na mpunga vimefukiwa, panya wamejaa. Hukaa juu ya kifusi ameshiba huku wenyewe wakilala njaa. Akihitajika, hubebwa usiku ndani ya tenga la kuku na kufungiwa ndani ya makazi mapya kwa majuma mawili, la sivyo atarudi alikotoka.

Mbwa naye hurudi. Ndiyo maana huhamishwa pamoja na gunia alilozoea kulalia, akafungwa kwa siku kadhaa na kulishwa na mkono uleule. Tatizo ni kwamba mwenyeji ana mbwa wake, na mahali pa hifadhi ya pamoja mara nyingi mbwa hawatakiwi. Wamarekani walijifunza hili kwa uchungu: kimbunga Katrina cha 2005 kiliwakuta watu wengi waliokataa kupanda vyombo vya uokoaji kwa kuwa mbwa wao hawakuruhusiwa, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria inayotaka mipango ya uokoaji izingatie wanyama wa nyumbani. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayomtaka mwenye mnyama amlishe, amtibu na amkinge na mateso. Aliyepoteza mke, nyumba na gunia la mwisho la mpunga ataitimizaje? Tunazo pia kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Kuongeza mstari mmoja wa mbwa kwenye fomu zao hakugharimu chochote, nami natamani nione kata moja tu ya Msalala au Kishapu ikiuongeza kabla ya masika yajayo.

Wapo mbwa wasiodaiwa na mtu. Kaya imehama wilaya, au hakuna aliyebaki. Mbwa wazururaji kwenye halmashauri nyingi wamekuwa wakimalizwa kwa risasi au sumu, na bwana mifugo hataki wake waishie hapo. Aliyevunjika uti wa mgongo humlaza kwa sindano, mwenyewe, bila kumwachia kijana yeyote. Wazima huwatafutia kazi, na wanaotaka mbwa kuliko wote ni wachimbaji wadogo wa huku Kahama na upande wa Geita. Karasha, mashine ya kusaga mawe, linahitaji mlinzi usiku, mifuko ya mawe inaibwa, na mbwa mwenye sauti hupokelewa kwa furaha na hushiba.

Ila kwenye mialo, wanakooshea mawe yaliyosagwa, dhahabu inakamatwa kwa zebaki, na maji yanayobaki hutuama kwenye mashimo yaliyo wazi. Mbwa hunywa. Bwana mifugo alikwenda kuwaona baadhi aliowapeleka, akawakuta wakinywa, na wakubwa wa mwalo wakamwambia hata watoto hucheza hapo. Amesimamisha kwanza kupeleka wengine. Wapo watatu uani kwake sasa hivi, majina yao yako daftarini, na safu ya tano ya kila mmoja ina jina lake yeye. Mkewe anauliza ni mpaka lini, na hana jibu.