Mapambo ya Kale Yatengenezwe, Yasiyeyushwe

Askari aliyemaliza zamu yake anahitaji kazi ndogo ya kuushughulisha mkono na kuituliza akili. Mojawapo ni kukusanya mapambo ya zamani na kuyatengeneza upya. Haihitaji mtaji mkubwa: koleo ndogo, tupa laini, uzi imara, mizani ya sonara na subira. Walakini ina masharti yake, na mtaa wa Oli katika jiji la Arua ni mahali panapofaa kuyaeleza.

Oli ni makao ya Wanubi wengi, jamii ambayo wazee wake walikuwa askari wa Emin Pasha, na ambao Kapteni Lugard aliwachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mnamo 1891. Uganda ilitumia rupia ya fedha hadi 1920, na shilingi ya Afrika Mashariki ikafuata mwaka 1921. Huko Sudan na Ethiopia ilivuma riale ya Maria Theresa. Sarafu za namna hiyo masonara waliziyeyusha wakafua bangili, vipuli na mikufu.

Mkusanyaji hana budi kuzifahamu. Riale ina uzito wa gramu 28, na katika kila sehemu 1,000 fedha halisi ni 833. Rupia ilikuwa na sehemu 917. Shilingi za 1921 hadi 1946 zilikuwa na sehemu 250 tu. Kwa hiyo fedha iliyomo katika riale moja yalingana na ile ya shilingi 12 hivi. Tena mtu asidanganywe na tarehe: kila riale huandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, ijapokuwa nyingi zilipigwa miaka mingi baadaye, Vienna na hata London na Bombay.

Katika kutengeneza, kanuni ni kuondoa kidogo kadiri iwezekanavyo. Uzi wa shanga uliochakaa ubadilishwe, lakini mpangilio wa shanga uandikwe kwanza. Ndoana ya kipuli iliyokatika ifungwe nyingine. Fedha ifutwe kwa kitambaa laini, kamwe isisuguliwe kwa mchanga, maana mchanga hula nakshi. Pambo likiyeyushwa, uzito hubaki, bali alama ya nyundo ya fundi na habari za mwenyewe hupotea milele.

Sharti kubwa kuliko yote ni kujua pambo limetoka wapi. Mwaka 1979 na 1980 maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Mkimbizi hawezi kubeba nyumba wala shamba, bali bangili hubebeka, na njaa ikizidi huuzwa kwa bei yoyote. Leo West Nile nayo imewapokea wakimbizi wa Sudan Kusini, katika kambi kama Rhino Camp na Bidibidi. Mwenye sare akinunua pambo la mjane kwa bei ya kunyonya, huo si ukusanyaji, ni unyang'anyi uliovaa heshima. Na anayepokea mali ya wizi kwa kujua ana hatia mbele ya sheria, awe raia au polisi.

Basi, ndugu askari, uliza jina la muuzaji, lipa bei ya haki, na uandike daftarini tarehe, uzito na asili ya kila kitu. Daftari hilo ndilo litakalokutenga na mwizi, na ndilo litakalomrudishia mwenye pambo haki yake siku atakapolitafuta.