Rekodi za Ubongo, Maswali ya Akili

Ubongo hupimwa kwa mizani na kuhesabiwa seli. Akili inautegemea, lakini haifuati uzito wala idadi. Hawa hapa walioweka rekodi.

Aliyetupita kwa seli: ndovu wa Afrika
Mwaka 2014, timu ya mwanasayansi wa Brazili Suzana Herculano-Houzel ilihesabu seli za neva bilioni 257 katika ubongo wa ndovu. Sisi tunazo kama bilioni 86. Ila asilimia 98 ya seli za ndovu zimo kwenye serebelamu, sehemu ya nyuma inayoratibu mienendo ya mwili.

Pengo kubwa la uzito: waandishi wawili
Ubongo wa Mrusi Ivan Turgenev ulikuwa na gramu 2,012. Wa Mfaransa Anatole France, takriban 1,017. Nusu hiyo haikumzuia kutwaa Nobeli ya Fasihi mwaka 1921.

Jeraha mashuhuri zaidi: Phineas Gage
Tarehe 13 Septemba 1848, msimamizi huyu wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani, alikuwa akishindilia baruti kwenye tundu la mwamba. Ikalipuka. Mtaimbo wa kilo 6 ulipenya chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Alipelekwa mjini kwa mkokoteni akiwa ameketi wima, na daktari alipofika akamweleza mwenyewe yaliyompata. Aliishi zaidi ya miaka 11, lakini rafiki zake walisema huyu si Gage tena.

Mgonjwa aliyechunguzwa zaidi: Henry Molaison
Alipasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Mtafiti Brenda Milner alimpa nyota aichore huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kwa siku tatu makosa yalizidi kupungua, na kila siku Molaison aliamini ndiyo mara yake ya kwanza. Mkono ulijifunza, mwenyewe asijue.

Ramani kamili ya kwanza: mnyoo wa milimita 1
Ramani ya seli zote 302 za neva za mnyoo C. elegans, pamoja na miunganisho yake, ilichapishwa mwaka 1986. Hata hivyo, ramani pekee haijatosha kueleza yote ayafanyayo.

Dau la miaka 25: Koch na Chalmers
Mwaka 1998 mwanasayansi Christof Koch aliwekeana dau la mvinyo na mwanafalsafa David Chalmers: ndani ya miaka 25 ingebainika wazi ni shughuli gani ya ubongo inayoleta ufahamu. Juni 2023, jijini New York, Koch alikubali kushindwa, akalipa. Papo hapo wakawekeana dau jingine, hadi 2048.