Ramani Iliyompa Mjomba Joto la Bure

Likizo iliyopita nilipanda Kibosho kumsalimia mjomba, na kwenye begi nilikuwa na laptop yenye ramani ya asainimenti yetu. Kundi letu la watu sita tulipewa joto la wastani la mwaka kwenye nukta 14 za mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, zote kati ya mita 800 na 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kazi ilikuwa kujaza ramani yote hadi ukingoni mwa msitu. Tulijaza. Rangi zilitoka safi, tukajipongeza. Sasa mjomba alikuwa anataka kukodi shamba huko juu, kwenye mita 1,800 hivi, alime nyanya. Nikabofya pale pale anapopataka. Ramani ikasema nyuzijoto 21.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mjomba, wewe umewahi kulala kule mwezi wa saba?"

Sijawahi. Ila hata bila kulala kule, hesabu ya kidato cha pili ingetosha kunistua. Moshi mjini wastani wa mwaka ni nyuzijoto 23 na kidogo. Kileleni, mita 5,895, ni kama hasi 7. Gawanya mwenyewe: joto linashuka karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Basi kwenye mita 1,800 tulitakiwa tupate 17 na kitu. Tulikosea karibu nyuzi nne, na mzee alikuwa tayari kutoa hela yake.

Tulitumia krigingi, njia ambayo jina lake limetoka kwa Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini aliyeandika tasnifu yake mwaka 1951 kuhusu kukadiria dhahabu ya Witwatersrand. Baadaye Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia na kuipa jina hilo. Wazo lake ni rahisi: sehemu zilizo karibu hufanana kuliko zilizo mbali, kwa hiyo ukitaka kukadiria mahali usipopima, wape majirani wa karibu uzito mkubwa. Uzito huo unatoka kwenye variogramu, yaani mchoro unaoonesha tofauti kati ya vipimo inavyokua kadiri umbali unavyokua. Unachukua jozi za nukta, unatafuta tofauti zao, unazipiga kipeo cha pili, unatafuta wastani, unagawa kwa mbili.

Krigingi ya kawaida ina sharti ambalo watu wengi tunaliruka kwenye desa: inachukulia kwamba wastani ni mmoja eneo lote, na vipimo vinacheza tu juu na chini ya wastani huo. Mlimani hakuna kitu kama hicho. Joto lina mwelekeo. Linashuka kwa utaratibu kadiri unavyopanda.

Angalia mwelekeo unavyoiharibu variogramu. Tuseme unapanda kutoka mjini na joto linashuka nyuzi 2 kila kilomita 5. Jozi zilizo mbali kilomita 5 zinatofautiana kwa 2. Kipeo chake 4, nusu yake 2. Kilomita 10, tofauti 4, nusu ya 16 ni 8. Kilomita 15, tofauti 6, nusu ya 36 ni 18. Kwa hiyo 2, 8, 18, na inaendelea kupaa. Variogramu ya data isiyo na mwelekeo hupanda halafu ikafika mahali ikatulia. Yetu haikutulia, na sisi tukaiachia programu ichague yenyewe umbo la kuilazimisha itulie. Hapo ndo tuliharibu. Dalili nyingine tuliiona na hatukuielewa: tulipochora jozi za mashariki na magharibi peke yake, variogramu ilikuwa karibu bapa, ila za kusini na kaskazini zilipaa. Mwenzetu mmoja akasema data ina tabia tofauti kila upande. Kumbe ni mlima tu.

Lakini kusema kweli, si kila mwelekeo unaua ramani. Ukikadiria katikati ya vipimo vyako, na ukitumia majirani wachache wa karibu, krigingi ya kawaida hujirekebisha, kwa sababu inakadiria wastani wa mtaa ule ule. Ramani yetu kati ya mita 800 na 1,400 haikuwa mbaya. Shida ni ukitoka nje ya data. Huko hakuna jirani wa karibu, uzito unagawanywa kwa wote, na jibu linarudi taratibu kwenye wastani wa jumla. Wastani wetu ulikuwa 22. Ndiyo maana mjomba akapewa 21.

Tulirudia kazi. Kwanza tulichora joto dhidi ya mwinuko, tukapitisha mstari, tukatoa kila kipimo kwenye mstari wake. Yaliyobaki, mabaki, ndiyo tukayafanyia variogramu na krigingi. Safari hii ikatulia vizuri. Mwinuko unapatikana bure kwa karibu dunia nzima, kutokana na rada iliyorushwa na chombo Endeavour mwezi Februari 2000, kwa hiyo mstari unaweza kuuweka kila mahali kwenye ramani, hata usipopima. Mwisho unarudisha mwelekeo juu ya mabaki. Usisahau hatua hii! Kundi moja lilisahau, likawasilisha ramani ya Kilimanjaro yenye joto la kati ya hasi 1 na 1.

Njia hii ya hatua mbili ina kasoro yake. Mstari umetolewa kwenye data ile ile, kwa hiyo unameza sehemu ya mtawanyiko, na variogramu ya mabaki inatoka ndogo kuliko ukweli, hasa kwa umbali mrefu. Unajikuta unajiamini kupita kiasi. Ipo krigingi inayokadiria mwelekeo na mabaki kwa pamoja, na mimi naipenda zaidi, ingawa nayo inahitaji variogramu ya mabaki ili ianze, kwa hiyo kuku na yai bado wapo. Kinachonikera ni wale wanaoona mstari hautoshi wanaweka polinomia ya shahada ya nne. Na nukta 14? Katikati itapita vizuri, pembeni itaruka hovyo, na shamba la mjomba lipo pembeni.

Jibu jipya lilikuwa 17.4. Nikampigia. Akasema alishajua, na shamba hakukodi. Halafu akaniuliza kama ninaweza kumtengenezea na ya mvua.

Nimekwama hapo hadi leo. Upande huu wa kusini mvua inaongezeka ukipanda, hadi kwenye msitu, mita 2,200 hivi, halafu inaanza kupungua tena kuelekea juu. Vipimo vyangu vyote vipo chini ya mita 1,400, na vyote vinaonesha kupanda tu. Mstari wangu ukiuachia, utanyeshea kileleni mafuriko.